Elimu ya Bure katika Masomo ya Insia na ya Jamii: Sauti, Kitabu na Msahihishaji

Neno "bure" lina maana mbili katika Kiswahili, nazo hukaa pamoja katika kamusi bila kugombana. Kitu cha bure ni kile kipatikanacho pasipo malipo. Kazi ya bure ni ile isiyoleta faida, kama asemavyo mtu aliyesafiri mpaka mjini asimkute mwenyeji wake: nimekwenda bure. Tangu mwaka wa 2001 vyuo vikuu vya Marekani, na baadaye vya Ulaya, vimewafungulia watu wa dunia nzima masomo yao kwa njia ya intaneti bila ada, na historia ya tendo hilo haielezeki vizuri mpaka maana zote mbili za neno hili ziwekwe mbele ya macho. Habari zake husimuliwa zaidi kwa mifano ya hesabu, umeme na kompyuta. Upande wa insia, yaani historia, falsafa, fasihi, dini na sanaa, pamoja na masomo ya jamii kama sosholojia na siasa, una mwendo wake wenyewe, na mwendo huo haukuwa sawa na ule wa sayansi.

Sababu ya tofauti hiyo imo katika namna masomo yenyewe yanavyofundishwa. Mwanafunzi wa hesabu akipewa swali, kisha akaonyeshwa jibu, aweza kujua mwenyewe kama amekosea. Mwanafunzi wa falsafa au wa historia hana jibu la namna hiyo la kujipimia. Yeye ahitaji sauti ya mwalimu inayomwongoza, ahitaji kitabu kinachozungumzwa, na ahitaji mtu wa kuisoma insha yake kwa makini na kumwonyesha mahali hoja ilipokatika. Sauti, kitabu na msahihishaji: kila kimoja kina gharama yake, na kila kimoja kina mwenyewe. Chuo kinapotangaza kwamba kinatoa elimu bure, swali la kwanza la mchunguzi ni kipi kati ya vitu hivyo vitatu kinachotolewa.

Kwa watu wa mwambao wa Afrika ya Mashariki swali hili si geni. Darsa za misikitini zilitolewa pasipo ada tangu zamani, na maarufu miongoni mwake ni zile za Msikiti wa Riyadha huko Lamu, ulioanzishwa na Habib Saleh, ambaye aliwafundisha watu wa tabaka zote, hata wale waliokuwa wakidharauliwa mjini. Katika darsa shekhe huwa na kitabu mkononi. Husoma kidogo, akafasiri, akaeleza, kisha akaendelea. Asiye na kitabu husikiliza, na mwenye tatizo huuliza palepale. Hapo sauti na kitabu vilikuja pamoja, na msahihishaji alikuwa ni yuleyule shekhe, aliyewajua wanafunzi wake kwa majina na kwa baba zao. Jambo la pili la kukumbukwa ni kampeni za elimu kwa njia ya redio zilizoendeshwa Tanzania na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima: "Uchaguzi ni Wako" katika mwaka wa 1970, "Wakati wa Furaha" katika mwaka wa 1971, taifa lilipotimiza miaka 10 ya uhuru, na "Mtu ni Afya" katika mwaka wa 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni 2. Mbili za kwanza zilikuwa hasa ni masomo ya siasa, uraia na historia. Waandalizi wake hawakuiamini sauti ya redio peke yake. Waliandika vijitabu kwa Kiswahili, wakafundisha viongozi wa vikundi, na kila kikundi kikakaa kuzungumza baada ya matangazo. Yafaa mfano huu uwekwe akilini, kwa kuwa wataalamu wa California na Boston waliligundua upya somo hilohilo miaka 40 baadaye, tena kwa gharama kubwa.

Vyuo vikuu vya Marekani havikuanza kwa kutoa. Vilianza kwa kuuza. Katika mwaka wa 2000 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilifungua kampuni iitwayo Fathom, kikishirikiana na London School of Economics, Maktaba ya Uingereza na taasisi nyingine zenye sifa, ili kuwauzia watu masomo kwa intaneti. Sehemu kubwa ya bidhaa hiyo ilikuwa ni historia, fasihi, sanaa na mambo ya jamii. Wanunuzi hawakutokea kwa wingi uliotarajiwa, na kampuni ikafungwa katika mwaka wa 2003 baada ya kumeza mamilioni ya dola. Vyuo vya Oxford, Stanford na Yale vilijaribu njia ileile kwa chombo kilichoitwa AllLearn. Nacho kikafa katika mwaka wa 2006. Watu wazima waliokwisha kupata shahada, ambao ndio waliotazamiwa kuwa wateja, hawakuwa tayari kulipa fedha nyingi kwa somo lisilo na cheti chenye nguvu. Hivyo biashara ilikwisha kushindwa kabla ya ukarimu kushika njia, na mpangilio huu wa matukio husahauliwa mno na wale wanaousifu ukarimu wenyewe.

Massachusetts Institute of Technology, chuo kijulikanacho kwa herufi MIT, kilikuwa na mawazo hayohayo ya biashara. Kamati ya maprofesa iliundwa kutazama jinsi chuo kitakavyoingia katika ufundishaji wa mbali. Ikapiga hesabu, ikaona kwamba faida ni ya mashaka, kisha ikatoa shauri ambalo halikutazamiwa: vitu vya masomo yote na vitolewe bure. Tarehe 4 Aprili 2001 rais wa chuo, Charles Vest, aliutangaza mpango huo kwa jina la OpenCourseWare. Mifuko miwili ya hisani, wa William na Flora Hewlett na wa Andrew W. Mellon, iliahidi dola milioni 11 za kuanzia. Masomo 50 ya majaribio yalionekana katika Septemba 2002, yakafika 500 mwaka uliofuata, na kufikia Novemba 2007 yalikuwa 1,800, yaani karibu masomo yote ya chuo. Katika Julai 2002 UNESCO iliwakutanisha wataalamu mjini Paris, na hapo ndipo lilipobuniwa jina la rasilimali huria za elimu. Mwishoni mwa mwaka huohuo zilitolewa leseni za Creative Commons, ambazo humwezesha mwandishi kuruhusu kazi yake inakiliwe, na hata kufasiriwa, bila kuombwa ruhusa kila mara.

MIT hujulikana kwa uhandisi, lakini kina pia idara za historia, fasihi, falsafa, isimu na siasa, na masomo ya idara hizo yaliwekwa wazi pamoja na mengine. Hapo ndipo tofauti ilipojitokeza. Mwanafunzi aliyefungua somo la fizikia alikuta maelezo ya mihadhara, maswali, majibu na mitihani. Aliyefungua somo la riwaya ya karne ya 20 mara nyingi alikuta mpangilio wa wiki, orodha ya vitabu vya kusoma na mada za insha, basi. Vitabu vyenyewe havikuwamo, kwa sababu hakimiliki yake ilikuwa ya wachapishaji, na makala au picha yoyote ya mtu mwingine ilibidi iombewe idhini au iondolewe. Mwalimu wa fizikia huandika somo lake kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu wa fasihi hufundisha vitabu vya watu wengine. Ukarimu wa chuo ulikuwa wa kweli, lakini hauwezi kutoa kisichokuwa chake. Msomaji wa mji usio na maktaba alipewa ramani ya nyumba, akaachwa nje ya mlango.

Pamoja na kasoro hiyo, leseni ile ilizaa matunda ambayo watu wa lugha hawana budi kuyatazama. Masomo ya MIT yalifasiriwa kwa Kihispania na Kireno, na Wachina wakafanya kazi kubwa ya namna hiyo. Katika Taiwan mfasiri Lucifer Chu, aliyepata fedha nyingi kwa kukifasiri kwa Kichina kitabu cha J. R. R. Tolkien kiitwacho The Lord of the Rings, alizitumia fedha hizo tangu mwaka wa 2004 kuwakusanya watu wa kujitolea ili wayafasiri masomo hayo. Hadithi za majitu na pete za ajabu zikalipia tafsiri ya elimu ya chuo kikuu! Kiswahili hakikupata mradi wa ukubwa huo, na ukosefu huo utatajwa tena mbele.

Yale ndicho kilichopata ufumbuzi uliofaa insia, hata kama ulikuwa wa nusu tu. Katika Desemba 2007, mwaka mmoja na miezi baada ya AllLearn kufungwa, chuo hicho kilifungua masomo 7 kwa jina la Open Yale Courses, chini ya uongozi wa Diana Kleiner, mwanahistoria wa sanaa ya Kirumi, na kwa msaada wa mfuko uleule wa Hewlett. Hapa hapakutolewa karatasi. Kamera iliwekwa darasani, na mihadhara yote ya muhula ikarekodiwa kama ilivyosemwa: Christine Hayes juu ya Agano la Kale, Shelly Kagan juu ya falsafa ya kifo, Steven Smith juu ya falsafa ya siasa, Langdon Hammer juu ya ushairi mpya, Paul Bloom juu ya saikolojia, na pamoja nao fizikia na elimu ya nyota. Kati ya vitu vitatu vilivyotajwa, sauti ilitoka kamili. Kitabu kiliendelea kununuliwa, na msahihishaji hakuwapo kabisa. Walakini mtu aliyetaka kusikia jinsi mwalimu hodari anavyoifungua hoja ya Plato, anavyosita, anavyorudi nyuma na kulisema jambo kwa maneno mengine, aliweza kusikia hayo yote akiwa popote penye umeme na intaneti. Harvard nacho, kikishirikiana na kituo cha televisheni cha WGBH cha Boston, kikatoa katika mwaka wa 2009 mihadhara ya Michael Sandel juu ya haki, ambayo ilitazamwa na mamilioni ya watu. Kipindi hiki cha 2007 mpaka 2011 kilikuwa bora kuliko vyote vya historia hii, kwa sababu hakuna aliyedai kwamba sauti ile ingeweza kukaa mahali pa mwalimu.

Dai hilo lilikuja baadaye, na lilitoka katika masomo ya kompyuta. Katika majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka wa 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifundisha akili bandia kutoka Stanford kwa intaneti, wakaandikisha watu wapatao 160,000. Mwaka wa 2012 zikazaliwa Udacity na Coursera, zilizokuwa kampuni za biashara, na edX, shirika la Harvard na MIT lisilotafuta faida. Tofauti na Yale, vyombo hivi vipya vilitaka kutoa vitu vyote: mhadhara, zoezi, mtihani na cheti. Katika hesabu jambo hilo liliwezekana, kwa kuwa mashine yaweza kuhesabu majibu ya watu 100,000 kwa usiku mmoja. Katika fasihi na sosholojia, nani angesoma insha 40,000?

Jibu la Coursera lilikuwa kwamba wanafunzi wasahihishane. Kila insha ilipelekwa kwa wanafunzi wenzi kadhaa, wakapewa kipimo cha kufuata, na wastani wa maksi zao ukawa ndio maksi ya mwandishi. Njia hii haikuwa ya kipuuzi. Mtu husoma kwa uangalifu zaidi anapojua kwamba atahukumu, na wengi walijifunza kuandika kwa kusoma maandishi ya wenzao. Lakini msahihishaji asiyelijua somo kuliko msahihishwa aweza kuona kosa la tahajia na asione kosa la hoja. Tena wanafunzi walitoka katika nchi mbalimbali, na wengi waliandika Kiingereza kwa taabu, hata maksi zikapima lugha zaidi ya fikira. Katika Agosti 2012 malalamiko ya insha zilizonakiliwa kutoka kwa watu wengine yalijitokeza katika masomo ya insia, jambo la kustaajabisha, kwani hapakuwa na shahada wala fedha ya kugombaniwa. edX nayo ilitangaza katika Aprili 2013 kwamba ina programu ya kompyuta ya kusahihisha insha. Wataalamu wengi wa uandishi waliikataa, na orodha ya waliotia sahihi kuipinga kazi ya mashine za namna hiyo ilikuwa na jina la Noam Chomsky.

Somo lililofaulu kuliko mengine lilifuata njia tofauti. Al Filreis wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alianza katika Septemba 2012 somo la ushairi wa Marekani wa kisasa, lijulikanalo kwa kifupi kama ModPo, na watu wapatao 36,000 wakajiandikisha. Yeye hakusimama mbele ya kamera kutoa mhadhara. Aliketi mezani na wanafunzi wachache, wakachukua shairi moja fupi, wakalizungumza neno kwa neno, na wasikilizaji wakaendelea kulizungumza kwa maandishi. Walianza na Emily Dickinson na Walt Whitman, washairi ambao mashairi yao yamekwisha kutoka katika hakimiliki, na kwa washairi wa baadaye walitumia hazina ya sauti ya chuo hicho iitwayo PennSound, iliyofunguliwa katika mwaka wa 2005. Kwa hiyo kitabu kilikuwamo, au angalau kurasa zilizohitajiwa zilikuwamo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walirudi mwaka wa pili wakiwa wasaidizi wa walimu, na somo limekuwa likirudiwa kila mwaka bila ada. Atakayelilinganisha na vikundi vya "Wakati wa Furaha" ataona ndugu wawili waliolelewa mbali: sauti, kurasa chache za kusoma, na kikundi chenye kiongozi.

Sosholojia ilipata bahati nyingine. Mitchell Duneier wa Princeton alifundisha utangulizi wa somo hilo katika mwaka wa 2012 kwa wanafunzi 40,000 wa nchi 113, naye akasifiwa sana magazetini. Mwaka uliofuata Coursera ilitaka ruhusa ya kuipangisha mihadhara yake kwa vyuo vingine. Duneier alikataa, akajitoa. Alihofu kwamba wabunge wa majimbo wangeitumia video yake kuwa hoja ya kupunguza fedha za vyuo vya umma, yaani kwamba mwanasosholojia angekuwa chombo cha kuwaondoa wanasosholojia wenzake kazini.

Hofu hiyo ilikwisha kuandikwa wazi mahali pengine. Uongozi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San José, California, ulikuwa umefanya mapatano na edX, na idara ya falsafa ikahimizwa kutumia video za Sandel juu ya haki. Tarehe 29 Aprili 2013 walimu wa idara hiyo walimwandikia Sandel barua ya wazi wakieleza kwa nini hawatafanya hivyo. Walisema ya kwamba idara yao haikuwa na upungufu ambao video ingeujaza. Kwamba falsafa ya haki hufundishwa vema pale mwalimu anapoijua dunia ya wanafunzi walio mbele yake, nao wa San José walikuwa watoto wa wafanyakazi na wahamiaji wa rangi nyingi. Na kwamba itakuwa jambo la hatari somo moja la haki kufundishwa na mtu mmoja katika nchi nzima. Zaidi ya hayo waliona mbele yao namna mbili za chuo kikuu, ambapo matajiri watakuwa na profesa wa kweli, na maskini watatazama picha za matajiri wakizungumza na profesa wao. Sandel alijibu kwamba hakutaka kamwe kazi yake itumiwe kuwadhuru walimu wenzake. Mwezi huohuo wa Aprili maprofesa wa Amherst College walipiga kura ya kukataa kujiunga na edX.

Barua ya San José ni hati bora ya historia hii yote, na mashiko yake hayamo katika hofu ya kupoteza kazi, ijapokuwa hofu hiyo ilikuwamo. Walimu hawa hawakuipinga zawadi. Mihadhara ya Sandel ilikuwa wazi kwa kila mtu tangu 2009, na hapakuwa na mtu wa San José aliyelalamika. Walichokipinga ni kubadilishwa kwa matumizi yake: sauti iliyotolewa iwe nyongeza ilitakiwa sasa iwe badala.

Hesabu zilizotoka baadaye ziliwapa nguvu wenye shaka. Taarifa ya Harvard na MIT ya Januari 2014 ilionyesha kwamba katika masomo 17 ya mwanzo ya edX palikuwa na maandikisho 841,687, na vyeti vilivyotolewa vilikuwa 43,196. Mtu aliyejiandikisha kwa kawaida alikuwa mwanamume mwenye shahada tayari. Waliotoka katika nchi ambazo Umoja wa Mataifa huziita zenye maendeleo madogo kabisa, Tanzania ikiwa mojawapo, hawakufika asilimia 3. Si haki kuyahesabu maandikisho 800,000 kuwa yamepotea bure, maana wengi waliingia kusikiliza mihadhara miwili ya jambo walilolitaka, kama vile mtu apitaye msikitini akakaa darsani nusu saa kisha akaenda zake, wala hakuna shekhe aliyemwita mwanafunzi aliyeshindwa. Lakini ahadi iliyotolewa magazetini katika mwaka wa 2012 haikuwa ahadi ya nusu saa.

Kilichofuata ni kupungua kwa maana ya kwanza ya neno lile. Tangu mwanzoni mwa mwaka wa 2016 Coursera iliweka malipo juu ya mazoezi ya kusahihishwa katika masomo mengi. edX ilifanya hivyo tangu mwishoni mwa 2018, ikaweka pia mpaka wa siku za kutazama bila malipo. Msahihishaji, hata yule asiye na mshahara, akawa ndiye wa kwanza kuuzwa. Coursera iliingia katika soko la hisa la New York katika mwaka wa 2021, na mwaka huohuo Harvard na MIT waliiuza edX kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800. Kampuni hiyo iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika katika Julai 2024. FutureLearn ya Open University ya Uingereza, iliyozaliwa katika mwaka wa 2013, nayo ilikwisha kuuzwa mwishoni mwa 2022. Masomo ya Yale, ya MIT na ya ModPo, ambayo hayakuahidi mengi, yalibaki wazi.

Kuhusu kitabu, maendeleo yalikuwa ya polepole na ya kudumu zaidi. Stanford Encyclopedia of Philosophy ilianza katika mwaka wa 1995 ikiwa na makala chache chini ya Edward Zalta, ikakua kuwa kamusi elezo ya falsafa isomwayo na wataalamu wenyewe, bila malipo. Mradi wa Perseus uliyaweka maandishi ya Kiyunani na Kilatini mahali pamoja na kamusi zake. Na katika mwaka wa 2012, wakati dunia ilipokuwa ikishangilia video, Chuo Kikuu cha Rice kilitoa vitabu viwili vya kwanza vya OpenStax: kimoja cha fizikia, na kimoja cha utangulizi wa sosholojia. Leseni yake yaruhusu mtu yeyote kukibadili na kukifasiri. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa sosholojia wa Mwanza au Kisumu angeweza kukipiga chapa kitabu kizima cha somo lake, na hata kukitia katika Kiswahili, pasipo kumwomba mtu ruhusa.

Afrika ya Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1992, kikaanza kazi tarehe 1 Machi 1993, kikifundisha kwa mbali wakati ambapo karatasi na posta ndizo zilizokuwa njia kuu. African Virtual University, ulioanza katika mwaka wa 1997 kuwa mradi wa Benki ya Dunia, ulitumia setilaiti na baadaye ukawa na makao yake Nairobi. Mpaka nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa na Dar es Salaam katika mwaka wa 2009, mhadhara mmoja wa Yale ulikuwa mzigo mzito kuliko uwezo wa vyuo vingi. Na ndiyo maana MIT kilipeleka nakala za masomo yake katika diski kwa vyuo kadhaa vya Afrika, kama mtu apelekaye maji kwa mtungi mahali pasipo bomba.

Waya hukata umbali, lakini haukati lugha. Mwanafunzi wa fizikia asiyejua Kiingereza vizuri husaidiwa na alama za hesabu. Katika falsafa na historia lugha ndiyo somo lenyewe, na zawadi ikitolewa kwa lugha ambayo mpokeaji huitumia kwa kujikaza, sehemu yake hubaki mikononi mwa mtoaji. Udhuru wa kwamba Kiswahili hakina istilahi hauna uzito katika masomo haya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na idara ya Kiswahili ifundishayo isimu na fasihi kwa Kiswahili tangu mwaka wa 1970, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya isimu na lugha katika mwaka wa 1990. Sauti ipo, istilahi zipo. Mihadhara ya miaka 50 katika vyumba vile ilisemwa ikaishia hewani. Jarida la Swahili Forum, lililoanzishwa katika Ujerumani mwaka wa 1994, husomwa na yeyote kwa intaneti bila malipo, na Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka wa 2003. Katika elimu ya Kiswahili, wenye kuhitaji zawadi ni watu wa nje, na mwenye kuitoa ni mwambao.

Mfano wake upo Lamu. Chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha, ikawekwa mahali ambapo mchunguzi wa Dar es Salaam au wa Chicago angeweza kuisoma bila ada: vitabu vya sheria, vya sarufi na vya ibada, vingi vikiwa na maelezo yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu za waalimu na wanafunzi. Kwa sharti la mradi huo nakala za asili hazikuondolewa nchini. Mwishoni mwa Oktoba 2023 maktaba hiyo ya London ilivamiwa na wahalifu wa kompyuta, na huduma zake nyingi za intaneti, pamoja na za picha za miswada, zikafungwa kwa muda mrefu. Wachunguzi wa nchi za mbali walifungua wasione kitu. Miswada yenyewe ilikuwa Lamu, mahali ilipokuwa siku zote.